Mzee wa Kucha na Shamba Kavu

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu kutoka kituo cha utafiti wa mazao, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mke wa marehemu, na tangu Jumatano saa tisa na dakika ishirini alasiri ninaitwa mjane wa marehemu, jina ambalo bado sijalizoea, mtu akilitaja nageuka kuangalia anaitwa nani. Historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, mwenye sauti ya kusomea watu wengi, nami nimemwomba anipishe, akanipisha shingo upande, kwa sababu katika daftari la mwisho la marehemu kuna maneno matatu yasiyo ya kweli, na anayejua kwamba si ya kweli ni mimi peke yangu, na ninataka yasahihishwe mbele yenu kabla hatujamsindikiza kaburini. Shemeji alisema mambo ya kazini tuyaache kazini. Nimemsikia, na nitayafikia kwa zamu yake, baada ya kuzaliwa, shule, kazi, ndoa na watoto, kama utaratibu unavyotaka.

Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, mimi sitalitamka, maana nikilitamka nitasubiri aitike. Pia naomba msinishangae kwa kuwa na macho makavu, wifi zangu wamenishika mikono tangu asubuhi wakisubiri nianguke na mimi sijaanguka, ninawasikia mkinipa pole, ninaitikia, kisha sikumbuki niliitikia nini, mwili wote umeingia ganzi kama mguu uliokaliwa. Basi nitasoma tarehe, kwa sababu tarehe ndizo ninazoziweza kwa sasa, na zote zimetoka kwenye madaftari yake, arobaini na matatu kwa hesabu yangu ya juzi, ambamo alikuwa anaandika habari za majani, na pembeni, kwa penseli, habari zetu.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Agosti 1963, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na bomba la mtaa, na baba yake, mkwe wangu, marehemu naye, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa bomba hilo, akilifungua saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa mbili kamili, asiongeze hata dakika kwa ajili ya mtu yeyote, akiwemo mke wake. Marehemu alinisimulia kwamba mama yake aliwahi kuchelewa kwenye foleni, akafika na ndoo wakati mumewe anageuza ufunguo, na baba akamwambia, mbele ya mtaa mzima, "Mama watoto, kesho," naye mama hakumpikia siku mbili. Watoto wa mtaani walimwita marehemu Mtoto wa Bomba, walimtania, walimbembeleza, na wengine walimpiga, na yote hayo aliyachukulia sawasawa.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1971 na kumaliza Novemba 1977, akaendelea na sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, ambako ripoti zake zote nne, ninazo kwenye mfuko huu, zimeandikwa na walimu tofauti kwa mwandiko tofauti maneno yaleyale, kwamba ni mtulivu, ni msafi, ila anauliza sana. Kati ya 1981 na 1983 alikaa nyumbani akimsaidia baba yake kushika foleni, na ni hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipoanza kujiuliza kwa nini ndoo moja ya maji huweza kumlea mtoto wiki nzima lakini haiutoshi mmea mmoja wa mahindi mpaka uzae. Mwezi Septemba 1983 alijiunga na chuo cha kilimo, akahitimu stashahada tarehe 28 Novemba 1986, na baadaye, akiwa mtu mzima mwenye watoto watatu na mvi mbili za mbele, alirudi masomoni mwaka 1999 na kupata shahada yake tarehe 6 Desemba 2002. Udaktari hakusomea. Watu wengi walimwita Daktari na yeye aliwasahihisha kila mara, hata benki, hata kanisani, hata yule fundi wa kaburi la baba yake aliyetaka kumpa heshima tu.

Aliajiriwa katika kituo cha utafiti tarehe 2 Februari 1987 akiwa msaidizi wa maabara, akaanza kwa kuosha vyombo vya kioo na kupima uzito wa mbegu, na kuanzia tarehe 19 Oktoba 1998 akapewa kazi aliyoifanya mpaka mwisho, ambayo ningependa kuieleza vizuri kwa sababu majirani wengi mmeishi naye ukuta kwa ukuta mkidhani ni bwana shamba. Mimi ni fundi cherehani, nitaieleza kama alivyonieleza mimi. Upande wa chini wa kila jani kuna vitundu vidogo sana, havionekani kwa macho, jani huvifungua ili lipate hewa, na kila vikifunguka maji yanatoroka, ni kama mtu aliyefungua mlango aingize upepo na kuku wakatoka. Sasa mtama mwingine una vitundu vingi na huviacha wazi jua linapowaka, na mwingine una vichache na huvifunga mapema mchana na kulikunja jani, na kazi ya mume wangu ilikuwa kumtafuta huyu wa pili, kumzalisha na mwingine mwenye mavuno mazuri, na kuangalia wajukuu wao mmoja mmoja, jani kwa jani, kwa miaka ishirini na sita.

Kuvihesabu vitundu hivyo alitumia rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu. Alipaka chini ya jani, akasubiri ikauke, akabandika selotepu, akaivua polepole, nayo ilitoka na alama ya kila kitundu, akaiweka kwenye kipande cha kioo chini ya hadubini na kuanza kuhesabu. Kwa sababu hiyo alikuwa akinunua rangi ya kucha kwa dazeni, na mwenye duka la vipodozi pale njia panda, ambaye yupo hapa na ninamwona ameinama, alinifuata mwaka 1999 hadi kwenye cherehani yangu, akafunga mlango, akanishika bega na kuniambia, "Dada yangu, mimi nakupenda, ndiyo maana nakuambia, shemeji ana mtu." Nilimuuliza amejuaje. Akasema hakuna mwanamume anayenunua chupa ishirini na nne za rangi ya kucha kwa mke mmoja mwenye vidole ishirini. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma, tukampeleka maabara akajionee, na tangu siku hiyo kituo kizima kilimwita Mzee wa Kucha, mpaka kwenye barua moja ya kiofisi iliyoandikwa kwa makosa.

Mtama wa kawaida ulikuwa unampa vitundu thelathini na kitu katika duara moja la hadubini, na mwaka 2017, tarehe 23 Mei, saa nne asubuhi, akahesabu kumi na tisa katika mmea mmoja wa safu ya kumi na mbili, akahesabu tena, akamwita msaidizi wake naye ahesabu bila kuambiwa jibu, akapata kumi na tisa, ndipo akaja nyumbani saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, akasema, "Kumi na tisa," akarudi kazini. Huo ndio ukawa mtama namba 212. Ili mbegu ipitishwe na kupewa wakulima ilitakiwa ishinde misimu mitatu ya majaribio, kila msimu ikipandwa mashamba mawili, moja linapewa maji mpaka mwisho, na la pili, linaloitwa shamba kavu, bomba lake linafungwa mimea ikiwa na siku arobaini na lisifunguliwe tena mpaka mavuno. Mwaka 2022 ilishinda. Mwaka 2023 ilishinda. Msimu wa tatu ulipandwa tarehe 13 Oktoba 2024, na tarehe 22 Novemba, siku ya Ijumaa, bomba la shamba kavu likafungwa.

Kuhusu ndoa, tulikutana mwezi Aprili 1988 alipoleta koti la maabara lenye mfuko uliotobolewa na penseli, nikamzibia, baada ya wiki akarudi na koti lilelile na tundu lilelile, na mara ya tatu nikamwambia ukweli, kwamba penseli haitoboi kitambaa kikiwa na viraka viwili isipokuwa imesaidiwa. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1989. Kwenye ukumbi, ilipofika zamu ya kukata keki, mshereheshaji alimwita bwana harusi mara mbili, mara tatu, watu wakaanza kunong'ona, mama yangu akashika kichwa, kumbe yuko nyuma ya jikoni la ukumbi amepiga magoti na suti yake, ameazima spana, anakaza bomba lililokuwa linadondosha tone. Nilimkuta mwenyewe. Nikasimama na gauni langu la mita tisa, nikamwangalia, naye akasema bila kuinuka, "Limekuwa likidondoka toka tuingie, mimi nashindwa kusikiliza." Hivyo ndivyo nilivyoolewa, na kwa miaka thelathini na mitano sikuwahi kulala katika nyumba yenye bomba linalodondosha, wala jirani yeyote wa ukuta wa kushoto na kulia, maana aliwagongea.

Tulijaliwa watoto watatu, na kila mmoja yumo kwenye daftari. Wa kwanza, binti yetu mwalimu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1991, na pembeni ya ukurasa wa siku hiyo imeandikwa kwamba vyungu arobaini havikupimwa, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja, vidole vyote vimehesabiwa. Wa pili, kijana wetu dereva wa malori, alizaliwa tarehe 28 Septemba 1993, kilo tatu na nusu, analia sana. Kitinda mimba, fundi umeme, alizaliwa tarehe 11 Juni 1997, siku ambayo mvua ilinyesha milimita kumi na nne, na yeye ameandikwa baada ya mvua, jambo ambalo hajalisamehe mpaka leo. Ameacha wajukuu wanne, wote wakijua kufunga bomba kabla hawajajua kufunga viatu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Agosti 2024, akasema ni viatu, akabadilisha viatu, mwezi Septemba akavimba uso, akasema ni usingizi. Tarehe 30 Septemba alipimwa na kuambiwa figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki huku akiendelea kwenda shambani, na Jumatatu tarehe 2 Desemba alizidiwa akalazwa wodi namba sita, kitanda cha pili kutoka dirishani. Daktari wa figo alimwekea masharti ya nusu lita ya maji kwa siku, yakihesabiwa humohumo chai, uji na ya kumezea dawa. Marehemu aliomba aletewe kutoka maabara silinda ya kioo ya kupimia, akawa anajipimia mwenyewe, mililita kwa mililita, na akamwambia daktari kwamba yeye hana neno, maisha yake yote amekuwa akiwafanyia wengine hivyo, na leo zamu yake imefika ya kuwekwa shamba kavu. Daktari alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa ninaangalia midomo yake, ilikuwa imepasuka.

Nyumba yetu ya kituo iko hatua mia mbili na kumi kutoka kwenye uzio wa majaribio, kwa hiyo alinituma nipite kila asubuhi niutazame mtama na kumletea habari, kwa maana msaidizi wake alimletea namba, na yeye alitaka kujua umekaaje. Nilikuwa nakwenda. Nilimwambia majani ya chini yamekauka yamekuwa rangi ya kaki, ya juu yanajikunja ikifika saa tatu, na yeye aliniambia yaache, yanajua yanachofanya. Jumapili tarehe 8 Desemba, saa ya kuona wagonjwa, alikuwa ameshamaliza nusu lita yake, akaniomba maji. Hakuomba glasi, aliomba funda moja, akasema kesho ni siku ya ndoa yetu, nimpe zawadi yake mapema. Nilimwambia hapana. Akasema, "Kifuniko cha chupa tu, mama." Nikamwambia hapana, nikazungusha shingo kuangalia dirishani, na chupa ilikuwa mkononi mwangu, imejaa.

Asubuhi ya tarehe 9 nilikwenda shambani kama alivyonituma. Nilisimama mbele ya safu zile, zimejikunja, zimekaa kimya, hazimwombi mtu kitu, na funguo zake zote nilikuwa nazo mimi kwa sababu ufunguo wa nyumba yetu uko kwenye pete moja na ufunguo wa kufuli la bomba. Nilifungua kufuli. Nilifungua bomba la shamba kavu dakika ishirini, maji yakapita kwenye mipira ya matone iliyofunikwa nyasi, nikasikia ardhi inanywa, kisha nikafunga nikaenda hospitali. Nilifanya hivyo kila siku kuanzia tarehe 9 hadi tarehe 21 Desemba, asubuhi kumi na tatu, nilikoma kwa sababu siku ya kumi na nne mmoja wa walinzi alinisalimia. Msaidizi wake, ambaye yuko hapa na amelia kuliko mimi, alikiona kipimo cha unyevu kikipanda, akadhani kimeharibika, akaandika kibadilishwe betri. Dada, betri ilikuwa nzima.

Sikufanya kwa ujinga, naomba msinitetee kwa hilo, nimeishi na mtafiti miaka thelathini na mitano na nilijua shamba kavu ni nini kuliko ninavyojua kitabu cha sala. Nilishindwa tu kuona vitu viwili vina kiu kwa wakati mmoja na mimi nimeshika maji. Huyu mmoja nilikatazwa na daktari. Wale wengine nilikatazwa na yeye, nikamtii daktari.

Tarehe 27 Desemba marehemu aliniambia nimletee jani, la tatu kutoka juu, safu ya nne, likatwe saa sita mchana. Nilimletea. Alilinyoosha juu ya shuka, akalipitisha kati ya vidole viwili toka shinani hadi nchani, akaliinua dirishani akaliangalia kwa muda, kwa kuwa jani lililoshinda jua siku nyingi huwa na alama katikati pale linapojikunja, kama suruali iliyopigwa pasi, na hilo halikuwa nayo. Aliniuliza kama kumenyesha. Nikasema hapana. Akasema, "Sawa," akaliweka ndani ya daftari, akaomba nimwinue mto. Tangu hapo hakuniuliza tena, na mimi sikusema, na nimehesabu, ni siku arobaini na tisa alizonipa niseme mwenyewe, kila siku nikimpelekea uji, kila siku tukizungumza habari za wajukuu.

Mtama ulivunwa tarehe 4 Februari 2025, ukakaushwa, ukapimwa tarehe 13, na Ijumaa tarehe 14 Mkuu wa kituo akaja wodini na karatasi, akasoma kwa furaha kwamba namba 212 imeshinda kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana katika shamba kavu. Marehemu wakati huo alikuwa kwenye mashine ya hewa na maneno yalikuwa hayamtoki. Alitikisa kichwa, Mkuu akadhani amezidiwa na furaha, akamshika mkono, muuguzi akasema muda umekwisha. Wageni walipotoka marehemu alionyesha daftari kwa kidole, nikampa na penseli, akaandika muda mrefu, herufi zikipanda na kushuka, akafunga, akasogeza barakoa kidogo akasema, "Lipeleke kituoni." Nililipeleka nyumbani. Nililiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, kwa sababu nilijua ameniandika na niliogopa kuona jina langu kwa mwandiko wake.

Marehemu alifariki dunia Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi sita na siku tano. Siku hiyo alikuwa amekunywa mililita mia moja na themanini, zimeandikwa. Nilikuwepo. Muuguzi alizima mashine, kukawa kimya, na mwisho wa wodi kwenye sinki kulikuwa na bomba linadondosha, nikainuka nikaenda kulikaza, nikarudi nikakaa.

Alhamisi asubuhi nilifungua droo nikatoa daftari nitafute tarehe za kuandika historia hii. Jani lile bado limo, ninalo hapa, limekauka likiwa limenyooka. Na alichoandika ninakisoma kama kilivyo. "Tarehe 14 Februari 2025. Shamba kavu lilipata maji mwezi Desemba. Matokeo ya msimu huu yasitumike, msimu urudiwe. Sababu, nilisahau kufunga bomba." Halafu saini yake.

Nilipekua kurasa sita nyuma. Tarehe 22 Novemba, kwa mwandiko ulionyooka, imeandikwa kwamba bomba la shamba kavu limefungwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, kufuli limewekwa, limevutwa mara mbili. Madaftari arobaini na matatu, miaka thelathini na minane ya kazi, mtu aliyesahihisha benki isimwite Daktari, na uongo wake ni mmoja tu, maneno matatu, aliyaandika kwa sababu yangu, akajichafua mwenyewe kwa kosa ambalo kila mtu aliyewahi kukaa naye anajua hawezi kulifanya.

Kwa niaba ya familia ninamshukuru daktari wa figo kwa kumweleza marehemu ukweli kwa namba, kama alivyopenda, wauguzi wa wodi namba sita, hasa yule aliyekuwa akimlowanisha midomo kwa pamba bila kuhesabu kwenye nusu lita, majirani wa kushoto na kulia mliotuletea chakula na viti, na leo nikipita uani kwenu nimeona mabomba yenu yamekazwa yote, asanteni. Ninamshukuru mwenye duka la vipodozi, aliyeleta chupa moja ya rangi ya kucha tuiweke kwenye jeneza, tumeiweka, mfuko wa koti la maabara, upande wa kiraka. Ninawashukuru wafanyakazi wenzake, na ninamshukuru msaidizi wake, na ninamwomba radhi kwa betri. Mkuu wa kituo, ninajua kwenye mfuko wa koti lako kuna karatasi ya matokeo uliyotaka kuisoma baada yangu ili atoke duniani na ushindi wake, nakuomba usiisome, asubuhi kumi na tatu mtama ule ulipewa maji na mimi, labda ungeshinda wenyewe, labda usingeshinda, na kwa ajili yangu hakuna anayejua, wala yeye hakujua. Wakulima watasubiri mwaka mwingine. Daftari hili hapa ninakukabidhi mbele ya watu, msimu urudiwe kama alivyosema, na kwenye mstari wa mwisho mkate yale maneno matatu muandike jina langu, mimi mkewe, fundi cherehani, mwenye akili timamu.

Mume wangu, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Desemba nimechelewa siku sabini na tano kulisema hili, nalisema sasa wote wanasikia. Bomba ulilifunga Ijumaa ile, ukalivuta kufuli mara mbili, na aliyelifungua ni mimi.

Pumzika kwa amani.